Kompyuta Inayojua Balaza: Walezi wa Programu Huria, Wakitazamwa Kutoka Kampala

Kila mwaka wa masomo unapoanza hapakosi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza anayekosa jaribio kwa sababu ya hesabu. Anaambiwa jaribio ni Jumatano. Yeye ni Mganda, anasikia "tano", anakumbuka Lwakutaano, na Lwakutaano ni Ijumaa. Ijumaa anafika na kalamu yake, anakuta mlango umefungwa. Waswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, Waganda huhesabu kuanzia Balaza, yaani Jumatatu, kwa hiyo tano ya huku si tano ya kule.

Sisi walimu tumeuzoea mkasa huu na huucheka. Lakini tulipokuwa tukitayarisha somo la tafsiri ya istilahi za kompyuta, tulikuta kwamba wapo watu, tena wasiolipwa, waliokaa chini wakayaandika mambo hayahaya ndani ya mashine: siku za wiki za Kiluganda, majina ya miezi, sarafu ya Uganda, hata neno la kukubali na la kukataa. Makala haya yanahusu watu wa aina hiyo, yaani wanaojitolea kutunza programu za mfumo endeshi wa Debian na jamaa zake, na jinsi Kampala ilivyoingia, au ilivyochelewa kuingia, katika historia yao. Tunaandika kama walimu wa lugha, si kama mafundi. Fundi atusamehe tunaporahisisha.

Asili ya mambo

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, kwa nia ya kutengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo, ndicho kilichoitwa Linux. Vipande vilikuwepo, lakini kuviunganisha ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira nyingi. Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, alitangaza kwamba anaanzisha mkusanyo mpya uitwao Debian. Jina hilo alilipata kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe. Murdock alifariki Desemba 2015, jina limebaki.

Jambo alilolileta si programu mpya. Alileta mgawanyo wa kazi. Kila programu ingefungwa katika kifurushi chake, na kila kifurushi kingekuwa na mtu wake mwenye jina, ambaye akiulizwa anajibu. Siku hizi neno kifurushi limetekwa na kampuni za simu, na ukimwambia mwanafunzi "kifurushi" anafikiria megabaiti za saa 24. Hapa tunamaanisha furushi halisi: ndani mna programu, maelezo ya namna ya kuisakinisha, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo kwanza, kama vile mpishi anavyosema kwamba hakuna pilau bila bizari.

Mtu huyu mwenye kifurushi tumwiteje kwa Kiswahili? Suala hili lilituchukua kipindi kizima darasani. Wapo waliopendekeza "mtunzaji", wapo waliosema "mdumishaji". Sisi tunapendelea "mlezi", na sababu yetu ni kwamba watu wa Debian wenyewe hutumia lugha ya ukoo. Kifurushi kilichoachwa na mtu wake husemwa kuwa ni yatima, na anayejitokeza kukichukua husemwa amekiasili. Tena kazi yenyewe ni ya malezi. Anayeandika programu anaweza kuwa mtu wa mbali asiyejua hata kwamba Debian ipo. Mlezi huichukua programu hiyo, huitazama kama leseni yake inaruhusu, huirekebisha ikae vizuri na jirani zake, hupokea malalamiko ya watumiaji, na matoleo mapya yanapotoka huanza upya. Kazi hii haina mwisho na kwa kawaida haina shukrani. Mtumiaji humkumbuka mlezi siku kitu kinapoharibika.

Debian 1.1 ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na vifurushi 474. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, ina vifurushi 69,830. Tarakimu hizi mbili zinaeleza ukubwa wa kazi kuliko maelezo yetu. Katikati yake kuna Mkataba wa Kijamii wa Julai 1997, ambamo mradi uliwaahidi watumiaji kwamba mfumo utabaki huria na kwamba matatizo hayatafichwa. Kwa sisi tuliozoea asasi zenye katiba nzuri na utekelezaji hafifu, inavutia kuona mkataba wa kurasa chache ambao watu wanaugombania kwa dhati kila mwaka.

Kampala ya CD

Tuje nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu wa Kampala aliyetaka kutumia mfumo huu alikuwa na vikwazo viwili vikubwa kabla hajagusa hata kibodi.

Cha kwanza kilikuwa njia. Uganda haina bahari, na nyaya za chini ya bahari hazikufika pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka SEACOM ilipowashwa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kampala ilipanda angani kwa setilaiti na kushuka tena kwa bei isiyosemeka. Mwaka 2001 kituo cha kubadilishana mawasiliano cha UIXP kilianzishwa, na angalau barua pepe kutoka Wandegeya kwenda Nakawa ikaweza kwenda bila kupitia ng'ambo kwanza. Lakini hazina za Debian zilikuwa nje, na kuteremsha vifurushi vya mamia ya megabaiti kwa njia ile ilikuwa kama kuchota maji ya Nyanza kwa kijiko.

Cha pili kilikuwa umeme. Wakazi wa Kampala wa miaka ya 2005 na 2006 hawahitaji kukumbushwa mgao ule: maji ya ziwa yalishuka, mabwawa ya Jinja yakapungukiwa nguvu, na mitaa ikakaa gizani kwa zamu. Aliyekuwa katikati ya kusakinisha programu akakatikiwa na umeme alianza upya, akipata bahati.

Kwa hiyo mfumo ulisafiri kwa CD. Mtu mmoja mwenye njia nzuri ofisini aliteremsha usiku, akachoma CD, akampa mwenzake, naye akachoma nyingine. Hapo ndipo Ubuntu ilipofaa sana. Ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, imejengwa juu ya Debian, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alikuwa amejitolea katika Debian miaka ya 1990 kabla ya kutajirika. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, aliyeomba aliletewa CD kwa posta bila kulipa hata senti. Mtu wa Kampala aliandika sanduku lake la posta, akasubiri wiki kadhaa, akapata bahasha.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, maana walimu wa lugha za Kibantu hawawezi kulipita jina hili kimya. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, na mzizi wake -ntu ndio huohuo wa obuntu wa Kiluganda. Sisi Waswahili tumeuangusha ule ung'ong'o, tukabaki na mtu, watu, utu. Mwanafunzi wa Kampala aliyeifungua bahasha ile alilisoma jina bila kuhitaji kamusi.

CD, hata hivyo, ina ubaya wake. Ikishachomwa haibadiliki. Dosari za usalama ziligunduliwa na walezi walizirekebisha mara moja, lakini marekebisho yalikuwa kwenye mtandao na kompyuta ilikuwa imekaa Ntinda bila mtandao. Hivyo kazi ya watu waliojitolea Ulaya na Marekani ilifika kwetu ikiwa imechacha. Leo hali si ile. Nyaya zimefika, na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda uliosajiliwa mwaka 2006, unahifadhi humuhumu nchini nakala za hazina za mifumo huria.

Nani anaweza kujitolea?

Baganda wana bulungi bwansi, yaani kazi za pamoja kwa manufaa ya nchi: kufyeka njia, kusafisha visima. Ngoma ililia kwa mdundo wa saagala agalamidde, maana yake sitaki kuona aliyelala, na kila nyumba ikatoa mtu. Ufalme wa Buganda huadhimisha siku ya bulungi bwansi tarehe 8 Oktoba. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini watu wafanye kazi bila ujira. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kujitolea kwa aina hii ni jambo geni kwa Mwafrika.

Tofauti iko kwingine. Kisima cha kijiji utakinywea jioni hiyohiyo, na majirani watakuona ukiwa na jembe. Kifurushi kinalelewa usiku, peke yako, kwa kompyuta uliyoinunua mwenyewe, na umeme unaoulipia. Anayeweza kujitolea kwa miaka kumi mfululizo ni yule ambaye mshahara wake wa mchana unatosha. Hata huko kwenye pesa suala hili liliwachoma. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa Debian walitafuta fedha, kwa mpango ulioitwa Dunc-Tank, ili kuwalipa wachache waliosimamia utoaji wa toleo jipya. Wengine walinuna, wakasema: kama hao wanalipwa, sisi tunafanya nini hapa? Baadhi walipunguza kazi makusudi. Toleo lililotazamiwa Desemba 2006 lilitoka Aprili 2007. Tunalisoma tukio hilo kama onyo kwamba ukileta bahasha katika bulungi bwansi, usitegemee majembe kubaki mengi kama jana.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakihusu pesa moja kwa moja. Mlezi kamili wa Debian hutia saini kazi yake kwa ufunguo wa siri wa kidijitali. Lakini nani atathibitisha kwamba ufunguo huo ni wa mtu huyo kweli? Desturi iliyojengeka ni kwamba watu wawili hukutana ana kwa ana, huoneshana pasipoti, na mmoja huutilia saini ufunguo wa mwenzake. Kwa mkazi wa Berlin, mwenzake yuko mtaa wa pili. Kwa mkazi wa Kampala, mwenye kuweza kumtilia saini angeweza kuwa nchi nyingine kabisa, na viza ni habari nyingine. Mkutano mkuu wa mwaka wa Debian ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza Julai 2016, katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Ni bara letu, ndiyo, lakini kutoka Entebbe hadi Cape Town si safari ya teksi.

Mradi wenyewe uliona tatizo, walau nusu yake. Mwaka 2007 wanachama walipiga kura kuanzisha daraja la walezi wenye mamlaka juu ya vifurushi vyao tu, bila kupitia mtihani mrefu wa uanachama kamili. Mwaka 2010 walipiga kura tena, wakakubali kwamba mtu asiyefunga vifurushi kamwe, kwa mfano mfasiri au mwandishi wa maelezo, naye anaweza kuwa mwanachama kamili. Kura hii ya pili, kwa maoni yetu, ilistahili kusherehekewa zaidi katika idara za lugha. Hatukumbuki idara yoyote iliyoisikia wakati huo, ikiwemo yetu.

Je, ugumu wote huu wa saini ulikuwa wa bure? Tulidhani hivyo mwanzoni. Kisha tukasoma visa viwili.

Cha kwanza ni cha mlezi mwenyewe. Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa katika kifurushi cha OpenSSL cha Debian kwa sababu chombo cha kukagua makosa kiliilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyochangia ubahatishaji katika kutengeneza funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, mashine za Debian na Ubuntu zilitengeneza funguo zilizoweza kukisiwa, maana kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilibaki takriban 32,768 tu. Wasimamizi wa seva kila mahali ulimwenguni iliwalazimu kutupa funguo zao na kutengeneza mpya. Kosa lilifanywa na mtu mwema, mwenye jina linalojulikana, na mradi ulilitangaza wazi kama mkataba wake unavyodai.

Cha pili ni cha Machi 2024, na hiki ni cha hila. Programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akatokea msaidizi mwenye bidii, aliyejulikana kwa jina la mtandaoni tu, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Tarehe 29 Machi mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ameugundua. Alikuwa akifanya majaribio kwenye Debian ya matoleo yasiyokamilika, akaona kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, akafuatilia. Nusu sekunde! Msaidizi yule hakuna aliyewahi kumwona uso. Tangu hapo hatuioni tena desturi ya kuoneshana pasipoti kuwa ni urasimu mtupu, ingawa bado tunasema kwamba gharama yake haikugawanywa sawa kati ya Berlin na Kampala.

Faili la Kiluganda

Sasa turudi kwa Balaza. Mifumo mingi ya aina ya Linux ina maktaba ya msingi, ile ya C ya mradi wa GNU, na ndani yake mna mafaili madogo yanayoieleza mashine desturi za mahali: siku huitwaje, wiki huanza lini, tarehe huandikwaje, sarafu ni ipi, mtu anayekubali huanza na herufi gani. Kila faili lina jina la herufi chache, lugha kwanza, nchi baadaye. Watu wanaojitolea huliandika, wengine huliingiza katika maktaba, na walezi wa Debian hulifunga katika kifurushi kiitwacho locales. Kutoka hapo linafika katika kila kompyuta.

Katika orodha hiyo Uganda ipo, na lugha yake ni moja: lg_UG, Kiluganda cha Uganda. Kilitangulia hata Kiswahili. Sw_KE na sw_TZ, yaani Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, viliingia baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Faili la Kiluganda lina historia ndogo ndani yake ambayo ilitufurahisha kuliko yote. Mwandiko rasmi wa Kiluganda uliosanifiwa mwaka 1947 una herufi ŋ, eŋŋa, kwa sauti ambayo Waswahili tunaiandika ng' kama katika ng'ombe. Kabla ya usimbaji wa Unicode kuenea, kompyuta ilihifadhi herufi katika majedwali ya nafasi 256, na jedwali la Ulaya Magharibi halikuwa na ŋ. Lipi lilikuwa nayo? Jedwali la ISO 8859-10, la mwaka 1992, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za kaskazini ya Ulaya. Humo Wasami, wafugaji wa kulungu wa theluji, walikuwa wamepewa ŋ yao. Basi lg_UG ikaandikishwa chini ya jedwali hilo pamoja na Unicode. Ukifungua orodha hata leo utaiona: Kiluganda kimekaa katika rafu ya Lapland.

Na suala la kukubali na kukataa je? Programu nyingi huuliza swali na kungoja herufi moja, y au n. Mganda hana tabu: yee huanza na y, nedda huanza na n, sawasawa na Kiingereza. Mswahili ndiye mwenye balaa. Ndiyo yake huanza na n, ambayo kwa Mwingereza ni kukataa. Hebu fikiri mashine inauliza kama ifute mafaili yote, na mtu aliyelelewa na Kiswahili anabonyeza n kwa nia ya ndiyo, au kinyume chake. Ndiyo maana faili la mahali lina sehemu ya kueleza herufi zipi ni za kukubali na zipi za kukataa. Mambo kama haya hayawezi kuamuliwa na mhandisi asiyejua lugha.

Kiluganda na Kiswahili havikuishia kwenye mafaili hayo. Mwaka 2004 watu waliojitolea walikitafsiri kivinjari cha Mozilla kwa Kiluganda. Desemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi wa IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice katika mradi wa Kilinux, na Mswahili akaweza kuandika barua kwa programu inayosema Kiswahili. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili nayo imo katika Debian, katika kifurushi kiitwacho hunspell-sw. Aliyewahi kuandika tasnifu ya Kiswahili huku kila neno likipigiwa mstari mwekundu anajua thamani yake. Tukumbuke pia kwamba istilahi zilizochaguliwa katika kazi hizo ndizo zilizosaidia kueneza maneno ambayo leo tunayafundisha bila kujiuliza yametoka wapi.

Baadaye, ndani ya ushirikiano wa ANLoc uliofadhiliwa na shirika la Kanada la IDRC, juhudi ilifanywa ya kuandika maelezo ya mahali kwa lugha 100 za Afrika. Matunda yake yalikwenda katika hazina ya Unicode iitwayo CLDR, inayotumiwa na simu nyingi. Humo utakuta Runyankore, Rukiga, Lusoga na Ateso. Utakuta pia sw_UG, Kiswahili cha Uganda.

Lakini katika maktaba ya GNU, ile inayokaa chini ya Debian na Ubuntu, sw_UG haimo. Tumeipekua orodha zaidi ya mara moja. Baada ya sw_KE na sw_TZ inafuata lugha nyingine. Nchi ambayo Idi Amin aliitangazia Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ambayo katiba yake iliyorekebishwa mwaka 2005 inakiita lugha rasmi ya pili, na ambayo Baraza lake la Mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni, haijapata mtu wa kuandika faili la ukurasa mmoja au miwili. Hatumlaumu mtu wa Helsinki kwa hili. Pasipoti haihitajiki, ufunguo uliotiwa saini hauhitajiki, anayetuma faili hahitaji hata kuwa mwanachama wa Debian. Linahitaji watu wanaojua Kiswahili na wanaoijua Uganda, nao wamejaa katika ofisi yetu, wakisahihisha mitihani.

Kwa hiyo muhula huu, pamoja na wanafunzi wa somo la tafsiri, tumeanza kuliandika. Sarafu haikuwa na ubishi mkubwa: shilingi ya Uganda, bila senti, kwa kuwa hakuna anayezitumia. Ubishi ulizuka juu ya ile alama ya /= ambayo kila mwenye kibanda Owino huiandika baada ya bei; tulikubali iachwe. Majina ya miezi yalituchukua siku mbili. Wengine walitaka Januari na Februari, wengine walisema Mganda anayezungumza Kiswahili husema mwezi wa kwanza na mwezi wa pili, na huo ndio ukweli wa mtaani. Januari ilishinda kwa kura mbili. Saa tuliiacha, maana mashine haikubali kwamba saa moja asubuhi ni saa saba ya Mzungu, na hakuna sehemu ya kuiambia.

Kilichobaki ni siku ya kuanza wiki. Mwalimu mmoja aliyesomea Zanzibar anasema Jumamosi, kwa sababu jina la Jumapili lenyewe linatangaza kuwa ni ya pili. Wa pili anasema Jumapili, kama kalenda ya ukutani. Wa tatu, mzaliwa wa Masaka, anashikilia Balaza, na anasema kwamba faili hili ni la Kiswahili cha Uganda, si la Unguja. Tulipopeleka toleo hili kwa mpiga chapa walikuwa bado wanabishana.